Kitufe Kilichopakwa Rangi

Kila alipotoka shule, Mwanabaraka alivua sare, akala ubwabwa wake harakaharaka, kisha akaingia studio ya shangazi yake Yasmini, hapo hapo uani kwao Gongo la Mboto. Shangazi alihariri video za harusi. Vijana walizitaka kwenye simu, lakini wazee walitaka diski ya kutia kwenye deki. Mwanabaraka alipamba ukurasa wa mwanzo: alikata picha kwenye kompyuta, akazizungushia fremu ya dhahabu, na kila picha ikawa kitufe. Ukichagua "Nikahi" kwa rimoti, unaletewa nikahi.

Siku hiyo walikuwa na diski ya Bi Mwajabu, aliyemwoza binti yake. Ilikuwa pia na kitufe cha "Singo", sherehe ya wanawake peke yao, walipovua mitandio wakacheza wapendavyo.

"Nakala ya ukweni Kinyerezi wataitazama wanaume," shangazi alisema. "Singo yote itoe. Umenisikia, mwanangu?"

Kuitoa kulitaka diski ipangwe upya, na nje rafiki yake Jenipher alishaanza kelele: "We Mwana, unakuja kucheza rede au unaatamia mayai humo?"

Mwanabaraka akachukua brashi ya kwenye programu ya picha, akapaka rangi juu ya kitufe. Kikapotea. Ukurasa ukawa safi.

"Umeijaribu kwa rimoti?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

Hata rimoti hakuwa ameigusa. Bi Mwajabu akaja, akaichukua diski, akaenda nayo Kinyerezi.

Baada ya mchezo, Mwanabaraka alitia nakala iliyobaki kwenye deki amringie Jenipher. Jenipher akabonyeza chini, akabonyeza tena. Pale palipokuwa patupu pakawaka fremu ya njano. Akachagua. Bi Mwajabu akajaa kwenye kioo, kichwa wazi, kanga kiunoni, akikata mauno.

"Mamaa! Wakwe leo wana sinema!" Jenipher alicheka hadi akakaa chini.

Mwanabaraka akazima deki haraka. Alikuwa ameficha picha tu. Kitufe chenyewe kilikuwa hai.

"Nyamaza zako," Jenipher alisema. "Nani atabonyeza mahali pasipo na kitu?"

"Si wewe umebonyeza?"

Mwanabaraka akamwendea shangazi. "Shangazi, nimekudanganya."

Simu ya Bi Mwajabu iliita bila kupokelewa. Wakapanda bajaji hadi Kinyerezi. Walipofika, wageni walikuwa wameshakaa, na Mzee Mbwana, baba wa bwana harusi, alikuwa akiigeuzageuza rimoti mkononi.

"Shikamoo, mzee. Diski ina kasoro, nitaleta nyingine," shangazi alisema, akaitoa kwenye deki. Kisha akamvuta Mwanabaraka hadi jikoni, alikokuwa Bi Mwajabu na wanawake wengine. "Mwambie mwenyewe."

Akamwambia, wanawake wote wakisikia. Bi Mwajabu akashika kifua. "Mtoto wewe! Mie ningeuweka wapi uso wangu?" Wanawake wakaangua kicheko.

Waliporudi, Mwanabaraka aliipanga diski upya, akajaribu vitufe vyote. Lakini alikuwa amevimba kwa hasira.

"Umeniumbua, shangazi. Ungesema tu diski mbovu, yakaisha."

"Bi Mwajabu ndiye angeaibika, kwa hiyo alistahili kuujua ukweli, tena kwa kinywa chako. Kosa ukilipaka rangi halijaondoka, linangoja mtu wa kulibonyeza. Ukikosea, sema mapema, kazi irudiwe."

"Lakini wamenicheka wote!"

"Wamekucheka, nimewaona. Ila kama unangoja nikuombe radhi, mwanangu, sikuombi. Ng'o!"