Kilo Kumi na Mbili

Simu ilitetema mfukoni wakati Shangazi akikimbia kati ya magari, kuelekea jengo dogo la abiria.

"Shangazi."

"Nakusikia, Mkuu."

"Kuku anapanda saa tano na nusu. Mfuate mpaka bandani. Usimnyonyoe njiani."

"Nimekupata. Asinyonyolewe njiani."

"Hata unyoya mmoja."

Simu ikakatika.

Hakuwa shangazi wa mtu. Jina hilo alipewa idarani kwa sababu ya viatu vyake bapa, mkoba wake mkubwa, na lile umbo la mama anayekwenda kumwangalia mzazi aliyejifungua jana. Ndani ya mkoba mlikuwa na bastola aina ya Glock 19, kibali cha kusafiri chenye mihuri mitatu na chupa ya sanitaiza. Watu saba walikuwa jela kwa kosa la kumfungulia mlango na kumkaribisha kiti.

Alfajiri ile bohari kuu ya dawa ilikuwa imevunjwa. Mlinzi alikutwa amefungwa kamba mikono na miguu. Chupa mia mbili na arobaini za sindano zilikuwa zimeibwa, dawa ya wale ambao gonjwa limewashukia mapafuni, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Wanunuzi wa kigeni walikuwa mpakani na ndege yao, wakisubiri. Mkuu, aliyejificha jirani nao na vijana wake, aliwataka hao wanunuzi kwa udi na uvumba. Mchukuzi wao alikuwa kuku tu, na kumkamata njiani kungewatorosha.

Mpaka hapo kazi ilikuwa kazi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Shangazi hakumwambia Mkuu. Mdogo wake, kitindamimba wao, alikuwa siku ya tisa kitandani katika hospitali ya rufaa, wagonjwa thelathini na mmoja wodi moja, wote wakiingojea dawa hiyo hiyo. Daktari alimpigia asubuhi.

"Ikifika kabla ya saa tisa, tutapambana. Baada ya saa tisa, dada, sitakudanganya."

Na hospitali hiyo ilikuwa wapi? Katika mji wa kwanza ambapo ndege hiyo hiyo ingetua. Dawa ingepita kilomita nne kutoka kitandani kwa mdogo wake, ipumzike dakika ishirini, halafu ipae tena kwenda kuuzwa.

Hebu niambie, wewe ungefanyaje?

Barabara zote za kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine zilikuwa na vizuizi. Mabasi yalikuwa yamelala. Ilibaki ndege moja aina ya Cessna Caravan ya shirika dogo, viti kumi na viwili, sita kati ya hivyo vimefungwa kwa utepe mwekundu ili watu wasikae bega kwa bega. Abiria sita. Wote na barakoa. Watatu walikuwa wamevaa yale mavazi meupe ya kujikinga, kutoka utosini mpaka kwenye soli, na miwani mikubwa ya plastiki. Utamjua nani hapo?

Mbele ya mizani alisimama mpima mizigo, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, ambaye husafiri na ndege ile kituo hadi kituo. Kila mtu alimwita Mzee Kilo.

"Panda, dada. Na mkoba wako. Ndege ndogo haina siri." Akatazama mshale. "Themanini na tano. Usinune, tunapima na mkoba, si wewe peke yako."

Shangazi akamwonyesha kitambulisho chake chini ya kaunta. Macho ya Mzee Kilo yakatoka.

"Namtafuta mtu aliyebeba kitu," akamnong'oneza. "Uso wake siujui."

"Nyuso!" Mzee Kilo akaguna ndani ya barakoa. "Siku hizi nani ana uso? Mimi nasoma kilo. Asubuhi tumetoka mpakani na mmoja wa hawa weupe, yule mwenye viatu vya kijani. Kilo hamsini na nane, mikono mitupu. Sasa anarudi, mikono mitupu vilevile. Kilo sabini. Masaa manne tu, dada! Amekula nini?"

Shangazi hakugeuka. Alimwona kwenye kioo cha dirisha. Kimo kama chake. Viatu vya kijani.

Kilo kumi na mbili.

Angeweza kumkamata palepale. Lakini dawa ingebaki mjini, na kwenda hospitali hakukuwa na njia nyingine siku ile ila ndege hii. Acha kuku ajibebe mwenyewe.

Akapanda.

Ndege ilitikisika kama kopo tupu. Hakuna maji yaliyogawiwa, hakuna aliyezungumza. Mtu mmoja alikohoa mara moja, na wote wakageuka kumkata jicho. Shangazi alikaa nyuma ya viatu vya kijani, mkoba mapajani, akitazama saa yake ya Garmin. Saa sita kasoro dakika kumi. Saa sita. Alikuwa amempakata mdogo wake akiwa na siku mbili duniani. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Sasa mdogo huyo alikuwa hoi, na dawa ilikuwa hapo mbele, umbali wa mkono. Aliogopa. Ndiyo, Shangazi aliogopa.

Walitua saa sita na nusu.

Masharti ya wakati ule yalikuwa kwamba abiria wote washuke, wapimwe joto, wapimwe uzito upya, na viti vipuliziwe dawa. Dakika ishirini. Mlangoni alisimama nesi na kipima joto chake, amechoka mpaka macho yameingia ndani. Viatu vya kijani vikapita, vikaelekea msalani.

Shangazi akafuata. Akafunga komeo nyuma yake.

"Vua hilo vazi."

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, na sanitaiza ikamlipukia Shangazi machoni.

Moto!

Shangazi alishika alichokipata, zipu ya vazi jeupe, akaivuta chini kwa nguvu zake zote. Kiwiko kikampiga mbavuni. Akamsukuma kwa bega, wakagonga sinki wote wawili, na kufumba na kufumbua mdomo wa Glock ukawa chini ya kidevu cha yule mwanamke.

Kifuani kwake kulikuwa na fulana nene ya mifuko midogo midogo, baridi kama barafu. Kila mfuko na chupa yake.

"Niue," mwanamke akasema. Alikuwa analia. "Nisipofika, mama yangu anakufa. Anapumulia mtungi wao wa oksijeni. Wamemweka mtu kando ya kitanda, mkono kwenye koki. Hivyo ndivyo wanavyonilipa, dada. Kwa pumzi za mama."

Shangazi alinawa macho kwa maji ya bomba. Alitamani sana kumchukia mtu huyu, akashindwa.

"Nyumba iko wapi?"

Mwanamke akamtajia. Ilikuwa mpakani, jirani na alipokuwa Mkuu.

Akapiga simu.

"Mkuu. Peleka vijana na mtungi wa oksijeni kwenye nyumba nitakayokutajia. Kuna mtu kando ya kitanda. Mwondoeni kimyakimya."

"Shangazi, umemnyonyoa?"

"Nimemnyonyoa."

"Nilikwambia nini? Miezi sita ya kazi! Umenitia doa mbele ya wakubwa wote!"

"Bado dakika arobaini mpaka bandani. Kuku atafika. Nitakuwa mimi."

Akakata kabla hajatukanwa.

Walikaa pale msalani mpaka Mkuu aliporudisha ujumbe wa neno moja: *Tayari.* Mwanamke akashusha pumzi, akakaa sakafuni. Halafu akasema yote bila kuulizwa. Wanunuzi hawajawahi kuuona uso wake. Watamuuliza safari ilikuwaje, ajibu kwamba hewa ilikuwa nzito. Na karatasi ya mizani ya hapa inasomwa redioni kabla ndege haijatua, nao wanasikiliza na kuandika. "Ikisoma pungufu au zaidi ya sabini, wanapaa."

Askari wa uwanja akamchukua. Nesi wa mlangoni akaitwa. Alipoziona zile chupa, akaweka mkono juu ya barakoa yake.

"Wodi ile ndiyo wodi yangu," akasema. "Jana usiku tumepoteza wanne."

"Una usafiri?"

"Pikipiki."

"Basi kimbia, mwanangu. Mdogo wangu yumo wodini humo."

Nesi akasita. "Dada, twende wote. Ukamwone mgonjwa wako. Kilomita nne tu."

Kilomita nne. Angemshika mkono mdogo wake, hata kwa dakika moja. Na wanunuzi wangepaa, na mwezi ujao bohari nyingine ingevunjwa. Shangazi akatikisa kichwa.

Pikipiki ikaondoka na chupa zote ndani ya boksi. Saa ilikuwa saba kasoro dakika kumi.

Ndani ya vazi jeupe, na fulana tupu kifuani, alipanda mizani ya uwanja ule. Mzee Kilo alitazama mshale muda mrefu.

"Sabini na sita."

"Andika sabini, mzee wangu."

"Miaka kumi na tisa sijawahi kuandika kilo ya uongo. Rubani ananiamini mimi kuliko mkewe."

"Rubani mwambie ukweli. Karatasi iambie sabini."

Mzee Kilo akalamba kidole, akaandika. "Mungu anisamehe," akasema.

Mpakani jua lilikuwa kali. Ndege nyeupe aina ya King Air ilisimama pembeni ya njia, injini moja tayari inazunguka. Wanaume watatu. Wawili walikuwa na bunduki aina ya Uzi chini ya makoti. Wa katikati alikuwa na barakoa nyeusi na karatasi mkononi.

"Safari ilikuwaje?"

"Hewa ilikuwa nzito."

Alimtazama kutoka juu mpaka chini. Akatazama viatu. Vya kijani, Shangazi alikuwa amevivaa, vinambana vidole vibaya.

"Umenenepa," yule mgeni akasema taratibu.

Akaonyesha mizani ya zamani iliyokuwa chini ya kibanda cha mizigo.

"Panda."

Bastola ya Shangazi ilikuwa ndani ya zipu. Kabla hajaifikia, zile Uzi zingekuwa zimemaliza maneno. Akapiga hatua. Akapanda.

Mzee Kilo alikuwa tayari pembeni ya mizani, ameshika kalamu yake, analalamika kwa sauti. "Kila siku kupima, kupima! Mnadhani mimi sina njaa?" Na huku analalamika, ncha ya kiatu chake kikubwa ikaingia chini ya ukingo wa ubao. Ikainua. Kidogo tu. Wapakiaji mizigo wote wa dunia hii wanaujua ujanja huo, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajawahi kuutumia.

Mshale ukayumba. Sabini na tatu. Sabini na moja.

Jasho lilimtiririka Mzee Kilo mpaka kwenye barakoa.

Sabini.

Yule mgeni akakunja karatasi. "Vizuri. Fungua."

Shangazi akafungua zipu.

Risasi ya kwanza ilipasua gurudumu la King Air. Ya pili ilimpata mlinzi wa kulia begani, Uzi yake ikaanguka. Wa kushoto alipogeuka, Mzee Kilo akamsukumia toroli la mizigo magotini kwa kilo zake zote mia na nne. Yule mgeni alikimbia hatua tatu kuelekea ndege iliyoinamia upande mmoja.

"Hiyo haiendi popote," Shangazi akamwambia. "Na wewe pia."

Land Cruiser mbili za Mkuu zikatokea nyuma ya matangi ya mafuta, vumbi mpaka mbinguni.

Mkuu mwenyewe alishuka. Alitazama pingu, akatazama ndege, akamtazama Shangazi.

"Kesho asubuhi utaandika maelezo," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Hospitali wameniambia. Mbona hukuniambia kuhusu mdogo wako?"

"Ungenitoa kwenye kazi."

"Ningekutoa."

"Ndiyo maana."

Afisa wa afya wa mpakani hakujali ujasusi wa mtu. Aliyemgusa mgeni asiye na cheti alikwenda karantini siku kumi na nne, basi. Alinyoosha kidole kwenye jengo la vyumba sita lenye madirisha ya bluu. Mzee Kilo alishaanza kumpa somo juu ya haki zake.

Saa nane na nusu simu ikalia. Daktari.

"Tumemchoma saa saba na dakika ishirini. Wote thelathini na mmoja wamechomwa. Bado ni mgonjwa sana, dada, lakini kiwango cha hewa mwilini kimeanza kupanda. Kuongea hawezi, ana mashine mdomoni. Nimwekee simu sikioni?"

"Mwekee."

Alitaka kumwambia kwamba alikuwa kilomita nne kutoka kwake na akapita. Alitaka kumwomba radhi. Akasikiliza. Upande wa pili hakukuwa na neno. Kulikuwa na pumzi, nzito, yenye mikwaruzo. Ikakatika kidogo, moyo wa Shangazi ukasimama nayo. Ikaja nyingine.

"Endelea hivyohivyo," akamwambia. "Mimi sina haraka."

Akavua vile viatu vya kijani, akaviacha kwenye njia ya ndege, akatembea peku kuelekea madirisha ya bluu, simu sikioni, akihesabu pumzi.