Kikonyo cha Karafuu Ndani ya Kadi

Nina umri wa miaka hamsini na nne. Ni mkulima wa karafuu wa Vitongoji, hapa Pemba, na baba wa mabinti wawili. Naandika haya kwa hasira, na hasira yenyewe ni ya kujikasirikia mimi. Nimechoka kuibeba peke yangu.

Mnijue kwanza. Barazani kwetu naitwa Redio. Ukiuliza mji mkuu wa nchi yoyote nitakutajia, na nisipoujua nitakutajia hivyo hivyo. Kusema "sijui" kwangu mimi ni kama kutoka nje bila shati. Ndivyo nilivyo, na wala sikuona tatizo... mpaka liliponifika.

Sikukuu moja dada yangu alikuja kutoka Unguja na zawadi ya boksi. Ndani mlikuwa na ubao, dadu, kete nne na kadi za maswali za rangi mbili. Mchezo wenyewe ni watoto dhidi ya wazazi. Kadi za njano huulizwa watoto, mambo ya zamani, kama kanda ya kaseti ikilegea ulikuwa ukiikaza kwa kitu gani. Kadi za buluu huulizwa wazazi, mambo ya vijana wa sasa na simu zao.

Tukawa tunacheza kila Ijumaa baada ya Alasiri, ukumbini. Upande mmoja mimi na mke wangu, Maryam. Upande wa pili Rahma, binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita, na mdogo wake Fatma, wa miaka tisa.

Walitushinda Ijumaa ya kwanza. Wakatushinda ya pili na ya tatu. Niliulizwa kijana akikutumia picha ya fuvu la kichwa kwenye simu anakusudia nini, nikasema kuna msiba. Kumbe anakusudia kacheka mpaka kafa! Fatma alibingirika kwenye mkeka kwa kicheko. Maryam naye akacheka, na yeye yuko upande wangu. Mimi nilitabasamu tu, lakini ndani nilikuwa nawaka. Mtu mzima na ndevu zangu, nashindwa na mtoto ambaye bado anafungwa viatu?

Siku zile zile Rahma alipata nafasi ya chuo kikuu, Dodoma. Alitakiwa kuthibitisha mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi sikuwa nimekataa wala kukubali. Nilikuwa nikisema tutaona, na yeye akisubiri kwa adabu zake.

Ijumaa ya nne tukashindwa tena. Fatma akaniuliza, "Baba, lini na weye utajua kitu?"

Alikuwa anatania. Lakini ulimi wangu ulitoka mbio kuliko akili. Nikasema, "Wallahi, Ijumaa ijayo mukitushinda, Rahma kenda Dodoma. Mukishindwa, hendi!"

Maryam akaweka chini kikombe chake. "Baba Rahma, hiyo n'kamari. Na safari ya mtoto haichezewi dadu."

Nikamwambia huo ni mzaha tu wa nyumbani. Rahma alinitazama, akasema, "Hewala, baba." Nafikiri aliona hiyo ndiyo mara ya kwanza nimetamka kwamba anaweza kwenda. Na kwa nini asifurahi? Walikuwa hawajashindwa hata mara moja.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni nilichokifanya. Ilikuwa msimu wa karafuu. Wiki nzima nilishinda uwanjani nikizigeuza majamvini na kutazama mbingu isije ikanyesha. Kila asubuhi nilifungua kabati la vioo, nikatoa fungu la kadi za buluu, nikalitia mfuko wa shati. Karafuu mbichi mkononi, kadi pajani. Nachambua, nasoma. Nachambua, nasoma. Swali na jibu lake, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi juzuu. Magharibi nikizirudisha kabatini.

Ningeweza kukwambieni niliogopa kumpeleka binti yangu bara, nchi ya mbali asiyokuwa na mtu. Ingependeza, na mngenionea huruma. Lakini itakuwa uwongo. Sikuwa nikimfikiria Rahma hata kidogo. Nilitaka kushinda. Basi!

Ijumaa ikafika. Rahma ndiye aliyekuwa akitusomea kadi zetu. Swali la kwanza nikajibu. La pili nikajibu kabla hajamaliza kusoma. Fatma alifungua mdomo. Maryam alinitazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu hata zamu zake nilikuwa nazijibu mimi.

Kati ya kadi ya sita na ya saba, kitu kidogo kilianguka mkekani. Rahma akakiokota, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kikonyo cha karafuu, kile kijiti tunachokitenga tunapochambua. Alikitazama kidogo. Akanitazama mimi. Halafu akakifumba mkononi, akasoma swali la saba.

Mimi niliona na sikuona. Nyumba ya karafuu, vikonyo viko mpaka kitandani. Nikajibu la saba.

Tukashinda. Nilisimama nikapiga makofi... peke yangu.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilikuwa nimejipangia kwamba Rahma atalia. Atanishika miguu, atasema baba nihurumie, na mimi nitajivuta kidogo kisha nitasema haya, nenda mwanangu. Ningekuwa nimeshinda mara mbili! Lakini hakulia. Alikusanya kadi, akazipanga vizuri ndani ya boksi, akasema, "Umeshinda, baba," akaenda kuanua nguo.

Nikangoja Jumamosi. Nikangoja Jumapili. Kimya. Anapika, anafua, anaanika karafuu, ananiamkia shikamoo kila asubuhi kwa sauti ile ile. Kwa nini asiombe? Nilianza kumkasirikia yeye, mnaamini?

Maryam ndiye aliyeomba. Aliniambia yamini, kile kiapo changu, ina kafara, tena kafara yenyewe iko wazi, kila mtu kasomeshwa chuoni. "Lisha masikini kumi, mtoto ende zake. Sufuria moja tu ya wali, Baba Rahma! Mie ntapika."

Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kula yamini na kuitapika. Niliyasema hayo nikijua kwamba ushindi wenyewe niliuiba. Nilijificha nyuma ya jina la Mwenyezi Mungu ili nisiseme neno moja, nimekosa. Mwezi ukaisha. Nafasi ya Dodoma ikapewa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata nilimwambia aombe tena, kama vile natoa sadaka. Akasema, "Nshapoa, baba." Alikuwa akisomesha watoto wadogo Kurani chuoni, na kibarua chake kikawa ndicho hicho.

Mwaka wa pili alichumbiwa na kijana wa Msuka, Khamis, mvuvi, mtu wa dini na adabu. Siku ya ndoa, wanaume wamejaa nje, shehe ameshakaa, nikaingia chumbani kumtaka bibi harusi idhini yake, kama inavyompasa walii, mwenye kuozesha. Alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa buibui. Mama yake pembeni.

Nikamuuliza, "Rahma, nikuozeshe Khamis?"

Akanyamaza. Mnajua mila yetu. Mwari akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Walii yeyote angeinuka, akatoka. Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimeshawahi kukichukua kimya cha mtoto huyu nikakiita ridhaa, na nilikuwa najua nilichokifanya.

Nikamwambia, "Usinyamaze, mwanangu. Sema. Mie zile kadi nlizisoma. Wiki nzima, kule uwanjani. Nlikuibia."

Maryam alishika mdomo. Rahma akafunua uso. Hakuwa na hata dalili ya mshangao.

"Nnajua, baba. Nlikiona kikonyo."

"Basi mbona hukusema?"

"Ningesemaje na Fatma yupo? Ungefedheheka mbele ya mtoto." Akafuta jicho kwa ncha ya buibui. "Halafu nkawa nangoja useme weye. Nkangoja mpaka mwezi ukaisha."

Wasomaji wenzangu, mmesikia? Mimi nikimngoja yeye aombe, na yeye akiningoja mimi niseme. Chini ya paa moja, sahani moja ya chakula, na muda unakwisha.

Nikamuuliza kama yeye anamtaka Khamis kweli, au anakubali kwa sababu ya uwongo wangu. Akasema, "Khamis nnamtaka. Niozeshe, watu wanangoja." Kisha akasema polepole, "Lakini na Dodoma nlitaka kwenda."

Nilimuomba anisamehe, akasema ameshanisamehe zamani. Nikatoka, nikamuozesha, sauti inakatika mpaka shehe akaniletea maji. Watu wakasema Redio leo ana mapenzi na bintiye.

Wiki ile ile nililisha masikini kumi. Maryam akapika sufuria ile ile moja ya wali aliyoniambia. Walikula, wakaniombea dua, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Kazi ya asubuhi moja! Hiyo ndiyo niliyoshindwa kuifanya wakati ilipokuwa na faida. Waliniombea kila kheri, lakini hakuna aliyeweza kunirudishia ule mwezi.

Rahma yuko Msuka, ana mtoto, anapiga simu kila Ijumaa. Ananiuliza hali, karafuu, mvua. Sina la kumlaumu. Ila tangu siku ile ya kikonyo hajawahi kuniomba kitu chochote, hata cha shilingi mia, na mzazi anayejua anajua hilo linauma vipi.

Enyi wazazi wenzangu, nawasihi. Mtoto akikushinda, kubali kushindwa. Usimtungie kiapo kwa sababu ya kicheko chake. Na ukishakosea, usikae ukingoja yeye aanze. Nenda ukaseme siku ile ile, maana vyuo na nafasi havitungojei sisi tumalize kiburi chetu.

Ijumaa iliyopita Fatma, sasa ana miaka kumi na mbili, alilitoa boksi kabatini. Miaka yote hakuna aliyeligusa. Akatandika mkeka, akachomoa kadi moja ya buluu, akanisomea swali. Jibu nalijua, nililihifadhi kule majamvini na halitoki kichwani. Fatma akangoja, kadi mkononi.

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Nambie weye."