Mashine Isiyotaka Uzito

Bomba la moshi lilikuwa na joto. Fundi aliligusa bila kukusudia, akipita na kikombe chake cha chai asubuhi, kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto wanapopishana mlangoni, na vidole vyake vikamwambia jambo ambalo akili ililikataa. Mashine ile haikuwa na tone la petroli. Plagi yake ilikuwa imefunguliwa, imelala juu ya meza. Akatazama dirishani, jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Akaweka kiganja tena, safari hii kwa makusudi. Lilikuwa joto la paji la uso la mtu mwenye homa ndogo.

Hakumwambia mtu. Aliyeishi na injini umri wake wote huamini kwamba kila ajabu ina sababu, na kwamba mara nyingi sababu hiyo ni uzembe wa mtu fulani. Akamaliza chai yake, akachukua spana.

Karakana ilikuwa uani, nyuma ya nyumba aliyoishi na dada yake mkubwa na binti yake wa pekee. Binti huyo walimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa, shangazi akamlea, na baba akamfundisha kazi. Sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye mikono ya kuaminika kuliko ya baba yake, na katika maonyesho ya mashine za zamani yeye ndiye aliyekuwa akiendesha kile ambacho wawili hao walikifufua.

Na hii ya safari hii haikuwa mashine ya kawaida. Ilikuwa pikipiki ya mashindano, ya zamani sana, silinda moja tu, lakini silinda yenye kifua. Ubavuni mwa injini ilisimama shafti wima iliyopandisha nguvu hadi kwenye vali, ikishikwa juu na chini na gia ndogo zilizochongwa kwa usahihi ambao hata mtengeneza saa angeuonea wivu. Tangi lake lilikuwa la bati jepesi lililogongwa kwa mkono, likabonyezwa pande mbili ili magoti yapate pa kujificha. Haikuwa na taa, honi, betri wala kiti cha abiria. Haikuwa hata na kiki ya kuwashia: unaisukuma, unadandia, inawaka. Walioiunda waliondoa kila kisichosaidia mwendo, na pale chuma kisipoweza kuondolewa, walikitoboa. Matundu yalijipanga kwenye mkono wa breki, kwenye gia ya mnyororo, kwenye vyuma vinavyoshika injini, safi, yaliyopimwa, kila tundu ni uzito kidogo uliotupwa njiani.

Fundi aliyapenda matundu hayo kuliko kitu kingine chochote. Alimwambia binti yake kwamba mapenzi ya mwendo huonekana kwenye kile ambacho mtu alithubutu kukitoa. Mwenyewe alikuwa na utaratibu wake: chuma cha kutobolewa kwanza alikiwekea alama za msalaba kwa chaki, zikiachana sawasawa, kisha akakipeleka kwenye mashine ya kutobolea iliyosimama pembeni. Na chochote kilichotolewa, hata skurubu ndogo, kilipangwa juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wa kutolewa kwake, ili siku ya kurudisha pasiwe na kubahatisha.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia siku moja, akimkuta amechuchumaa mbele ya injini na chakula kimepoa, "hiyo pikipiki ungeitolea mahari tu, tujue moja."

"Shangazi, punguza wivu," Sindano akadakia kutoka chini ya meza. "Ndiyo wifi yako hiyo."

Pikipiki ilitoka kwa mjane wa mwendeshaji mmoja aliyekuwa na jina enzi zake. Mama huyo aliitoa bure, na akaomba jambo moja tu: mdomo wa kabureta, pale injini inapovutia hewa, ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha mti, na kizibo hicho kisitolewe. Fundi alikubali kama watu wanavyokubali maneno ya mfiwa. Lakini mafundi wote huziba mdomo wa injini inayohifadhiwa, ili panya na vumbi visiingie, na fundi yeyote anajua pia kwamba injini iliyozibwa miaka mingi hukusanya unyevu, na unyevu huila silinda kimyakimya. Kuiacha vile aliona ni kuiua. Akakichomoa kizibo. Kilitoka kwa shida, na hewa ikavutwa ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili silinda moja. Siku hiyo alikuwa akipasha joto kasha la injini ili beringi ikae, na jiko lilikuwa likififia. Akakitupa kizibo motoni.

Baada ya joto la bomba ikaja harufu. Injini za namna ile zamani zilinyweshwa mafuta ya mbarika, na yakiungua hutoa harufu tamu, nzito, inayokaa kooni. Nyumba haikuwa na chupa ya mafuta hayo, ila kila adhuhuri, karakana ikitulia kwa chakula, harufu ilijaa kama kuna mtu amepita mbio sasa hivi. Kisha ikaja sauti. Fundi aliisikia akiwa peke yake, akipiga msasa: kitu kikivuta hewa polepole, kikaishika, kikaiachia. Alisimamisha mkono. Sauti ikasimama pia, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Kisha vikanyagio vikasogea. Alivikuta vimepandishwa na kurudishwa nyuma, nati zimekazwa vizuri, na springi za mbele zimelegezwa kwa ajili ya mtu mwepesi. Alimshukuru Sindano kwa kazi safi. Sindano akamtazama.

"Mimi? Nilidhani ni wewe, baba."

Kila mmoja akapata la kufanya. Jioni Sindano alipoipanda kwa kujaribu, magoti yake yaliingia kwenye mabonde ya tangi kama yalipimwa kwake. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Waliijaribu kwenye barabara ya nyuma ya maghala, asubuhi ya mapumziko, hakuna gari. Sindano aliisukuma hatua chache, akadandia, na injini ikashika kwa mlio ambao fundi hakuwa ameusikia maishani, mkavu, mpana, kila pigo likisimama peke yake na bado yote yakiwa wimbo mmoja. Machozi yalimtoka. Aliwaza kwamba walioiunda wote walikwisha kufa, na bado hesabu yao ilikuwa sahihi.

Aliporudi, Sindano hakucheka wala hakutania. Alishuka, akaegemeza mashine, akasema, "Ni nyepesi." Fundi akaligusa bomba kwa mazoea na kuuondoa mkono haraka. Halikumuunguza. Lilikuwa baridi kama maji ya kisima, dakika ile ile injini ilipozimwa. Na aliposhika bega la mwanawe, joto lilipenya hadi nje ya koti la ngozi.

Tangu siku hiyo karakana ilitulia. Hakukuwa na harufu wala pumzi, na fundi akajiambia kwamba lililokuwepo limekwisha. Ilikuwa raha fupi. Kesho yake alikuta juu ya kitambaa cheupe hereni za marehemu mkewe, zile ambazo Sindano hakuzivua hata akiwa anaoga. Kando yake, siku iliyofuata, ilikuwa pete. Kisha nywele zake zote, zimekunjwa vizuri na kufungwa uzi. Kisha kucha. Shangazi alilalamika kwamba mtoto anagusa chakula kama mgonjwa, na kwamba amekuwa hasalimii. Sindano akimsikia alijibu neno moja pale ambapo zamani angejibu kumi, na baadaye halikutoka hata hilo moja. Asubuhi fundi alipoenda kwenye kitambaa na kukuta, baada ya kucha, meno mawili ya nyuma yaliyooshwa na kupangwa sambamba, alimwomba dada yake asimwache mtoto peke yake, akatoka hivyo hivyo na nguo za kazi kwenda kwa mjane.

Mjane alimfungulia, akamwangalia usoni.

"Umeufungua mdomo," alisema. Hakuwa anauliza.

"Unyevu ungekula silinda, mama. Nilitaka kuitunza."

"Najua. Na yeye alikuwa akiitunza hivyo hivyo."

Akamkalisha, akamweleza bila kumlaumu. Mumewe alianza kwa kuvua pete, akidai inambana mkononi. Kisha nywele, kisha chakula, kisha marafiki, kisha maneno. Mjane mwenyewe aliona ni nidhamu ya mashindano, akajivunia. Siku ya mwisho alivuka mstari akiwa wa kwanza, mashine ikapunguza mwendo yenyewe na kuegemea ua, naye akiwa bado ameinama juu ya tangi. Hakuwa na jeraha. Waliombeba walisema walimwinua kama wanainua koti.

"Mganga aliyeifunga aliniambia ni jini," mjane alisema kwa sauti ya chini, "na kwamba halina chuki na mtu. Linatuona sisi kama ninyi mnavyoona chuma. Linataka mwendo, na chochote kisicho mwendo linakiondoa."

Fundi aliinamisha kichwa, kwa sababu alielewa zaidi ya alivyopenda kuelewa.

Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa na gogo dogo jeusi. Ndilo lililobaki la mti uliokatwa kizibo. Mjane akampa, akamshika mkono kabla hajatoka. "Weka sikio mdomoni kwanza. Ukisikia pumzi, piga. Usiposikia, limekwisha kutoka humo, usifunge, njoo unichukue."

Alirudi mbio. Nyumba ilikuwa wazi, na dada yake alikuwa barabarani akimuuliza kila mpita njia kama amemwona Sindano, aliyekuwa ameinuka kitini na kutoka bila kishindo, wepesi wake haukutikisa hata pazia. Fundi hakusimama kuuliza zaidi, aliingia karakana, akafunga gogo kwenye mashine ya kuchongea, akalichonga na kulipima na kulichonga tena hadi likatosha kwa unene wa unywele, kwa maana mikono yake haikujua kufanya kazi mbaya hata pale roho ilipokuwa mkononi, kisha akapiga magoti mbele ya kabureta, jasho likimwingia machoni, akaweka sikio kwenye ule mdomo mweusi na kuomba, kama hajawahi kuomba kitu, asikie pumzi.

Akaisikia. Ilivuta polepole, ikashikwa, ikaachiwa, na harufu ya mbarika ikamjaa kooni. Akaweka kizibo, akapiga nyundo mara moja, akapiga tena, kikazama hadi mwisho, kimekaza, kimekaa sawa, na alikaa pale sakafuni akilia kwa shukrani, kiganja chake juu ya bomba, na ilimchukua muda kutambua kwamba bomba lilikuwa baridi, na muda mwingine tena kutambua kwamba pumzi haikuwa imekoma, ilikuwa inaendelea vile vile, bila haraka, nyuma yake.

Akageuka.

Sindano alikuwa amesimama pembeni, kwenye mashine ya kutobolea, mgongo wake kwa baba yake. Alikuwa amekwisha kuiwasha, na ncha yake ilizunguka bila mlio. Alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati hadi mabegani. Kuanzia kifundo cha mkono hadi bega, pande zote mbili, ngozi yake ilikuwa na misalaba ya chaki, iliyonyooka, iliyoachana sawasawa, kazi safi, kazi aliyofundishwa na baba yake.

Alimnyooshea kipande cha chaki.

"Baba," alisema, kwa upole, kama mtu anayeomba kushikiwa spana, "mgongoni sifiki."