Maji ya Kuoga ya Rafaeli

Jumanne, saa kumi jioni, Emerensiana alilisikia lori la mumewe likipanda barabara ya Kasanga kuingia mjini Sumbawanga. Lisingekuwa jambo la kumshangaza, isipokuwa Ijumaa iliyopita alisimama uani, mikono kiunoni, akiwaangalia vijana wa chuma chakavu wakilikata lori hilohilo kwa moto wa gesi. Boneti peke yake, milango peke yake, mpaka usukani ukarushwa juu ya kigari chao cha kirikuu kama sinia bovu.

Alikuwa mkekani, anachambua maharage. Injini ikavuta kwa chini, ikatulia, klachi mara ya kwanza, klachi mara ya pili, kisha gia ikaingia na kile kilio chake cha mbuzi aliyekanyagwa mguu. Bedfodi ya zamani, ya pua ndefu. Mtaa mzima wa Majengo hakuna aliyebadili gia namna ile ila Rafaeli, na Rafaeli alikuwa chumbani, amelala chali, upande wote wa kulia umekufa kwa kiharusi tangu Kwaresima.

Mikono ya Emerensiana haikungoja kuambiwa. Iliacha maharage, ikachochea mkaa, ikabandika maji.

Waliowahi kuolewa na madereva wa zamani hawatamcheka. Enzi hizo simu hakuna. Mwanaume anakwenda Kasanga kuchukua dagaa, au anapeleka mahindi Tunduma, na kurudi kwake ni siku tatu au ni siku tisa, matope ndiyo yanayoamua. Mke hana tarehe, ana masikio. Kila mmoja alilijua lori la kwake. Edith, jirani yake, alikuwa akijigamba kwamba Leyland ya marehemu mumewe aliitambua ingali Matai, na huo ni uongo, Matai si hapo, lakini Edith hajawahi kusema kitu kilichonyooka. Ukilisikia lori mlimani unabandika maji. Dereva akishuka, kabla hajaulizwa habari za njia, akute ndoo ya moto bafuni. Aliyekuta maji baridi, mkewe alisemwa mpaka gulioni. Kulikuwa na mmoja mtaa wa nyuma aliyebandikia malori mawili, lakini huyo alishatangulia, apumzike.

Basi Emerensiana akabeba ndoo mpaka bafu la mabati nyuma ya nyumba, akaitua, na hapo ndipo akili ikamrudia. Akacheka.

"Uzee huu! Utanibandikisha sufuria kichwani."

Akaiacha ndoo, akarudi kwenye maharage yake. Hajakaa sawa akasikia mlango wa bafu ukivutwa. Maji yakamwagika, kopo baada ya kopo. Mtu akapenga kamasi, akakohoa kohozi la vumbi la safari.

Alipokwenda kuangalia, sakafu ilikuwa imelowa, sabuni ya mche imelika, na ndoo imegeuzwa kichwa chini, vile Rafaeli alivyoigeuza miaka yote. Bafu lilinuka dizeli, grisi na dagaa.

"Shoga yangu, umezeeka," Edith alimwambia kwa sauti ya chini jioni ile, ingawa macho yake yalikuwa kwenye bafu. "Kuna mhuni anaruka ukuta anajiogea bure."

"Mhuni gani anageuza ndoo?"

Edith akajifunga kanga upya, akaenda zake bila kuaga.

Jumatano Edith alikuja mwenyewe na kigoda chake. Saa kumi wote wawili wakalisikia. Emerensiana alikuwa ameikalia mikono yake ili isiende popote. Lori likapanda, likapiga klachi mara mbili, na Edith akamshika bega, akanong'ona, "Mama Flavian, mbona maji yanachemka?" Yalikuwa yanachemka. Nani aliyabandika, na saa ngapi, hata leo hajui.

Alhamisi alichanganya ndoo na maji ya baraka aliyoletewa kutoka misioni ya Kaengesa, chupa nzima. Hilo lililokuwa likiogea humo liliyaoga. Likapiga na mluzi.

Kama lingekuwa linaoga na kwenda zake, Emerensiana angelivumilia. Ameshavumilia wageni wabaya zaidi, wakiwemo mawifi. Lakini kila lilipotoka bafuni, Rafaeli alipungua. Jumanne asubuhi aliweza kuinua mkono wa kushoto na kushika kikombe, Jumatano hakuweza. Alhamisi, alipokuwa akimfuta uso, kitambaa kilipita kwenye paji likiwa laini tupu. Pale palikuwa na kovu, refu kama kidole, alilopigwa na hendeli ya kuwashia Bedfodi kabla mtoto wao Flavian hajazaliwa. Kovu la miaka arobaini na kitu halikuwepo, na ngozi yake ilikuwa kama ya mtu ambaye hajawahi kuwasha lori lolote.

"Baba Flavian," alimwita, mdomo karibu na sikio lake. "Ni nani anayeoga kwetu?"

Rafaeli alimweleza kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Masika ya mwaka themanini na moja alikuwa anapanda kutoka Kasanga na shehena ya dagaa, peke yake, mvua imefunga. Lori likaanza kurudi nyuma. Breki zikafa. Upande wa kushoto korongo. Kisha kitu kikalisukuma kwa nyuma, kwa nguvu ya watu ishirini, likapanda mlima kama limebebwa. Na madereva wa wakati ule, mwenzako akikutoa matopeni, fedha humpi, utakuwa umemtukana. Unamwambia ukifika kwangu, maji ya kuoga yapo. Rafaeli alitoa kichwa dirishani, hakugeuka nyuma, akasema kama desturi ilivyotaka. Hakuna aliyemjibu, ila springi za nyuma zilishuka, kama mtu mzito amepanda.

"Lilikuwa linakaa kwenye lori," alisema. "Halinidai. Linangoja." Jicho lake zima likatoa chozi. "Sasa lori mmelikata."

Emerensiana akakumbuka kwamba miaka yote Bedfodi iliyokuwa juu ya mawe uani, kuku walitaga chini yake, juu ya tairi, popote, ila bodini hakupanda hata mmoja.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanadhani kila nyumba ina mganga wake, kama ilivyo na jembe. Si kweli. Wazuri unawaita kutoka mbali. Huyu waliyemwita alitoka kijiji cha Kate kwa basi la Ijumaa, Kristiana jina lake, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani na simu mbili. Hakupiga ngoma, hakuchoma kitu. Aliingia bafuni, sakafu bado mbichi ya maji ya saa kumi, akanusa, akatoka.

"Hili halijavunja mlango," alisema. "Lilialikwa, na limepokelewa. Nani aliyebandika maji?"

"Mimi, mama."

"Basi ni wewe wa kulikataa, si mimi. Sikiliza. Kesho saa kumi utabandika ndoo moja. Likianza kupanda mlima, utaibeba ndoo mpaka chumbani, umwogeshe mumeo palepale kitandani. Mwenye nyumba ni yule anayepelekewa maji. Likikuta bafu kavu litajua si kwake hapa."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Lakini ukiipeleka bafuni, usiniangalie mimi."

Emerensiana karibu acheke. Kutoka jikoni mpaka chumbani ni hatua kumi, unaingia kulia. Bafuni unapita moja kwa moja, unatokea nyuma. Jioni ile alijizoeza na ndoo tupu, mara tatu, mara nne, kulia, kulia, kulia, huku Edith amesimama mlangoni.

"Kama bi harusi anafundishwa kutembea," Edith alimtania.

Usiku ule Rafaeli alikuwa mwepesi mno. Emerensiana alipomgeuza asipate vidonda, alimgeuza kwa mkono mmoja.

Jumamosi saa kumi maji yalikuwa tayari. Kristiana alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, Edith koridoni, rozari mkononi. Lori likaanza mlima. Emerensiana akainua ndoo, akasema moyoni kulia, na palepale lori likapiga honi, mbili fupi na moja ndefu, honi ambayo wiki nzima halikuwa limeipiga, honi ambayo madereva waliipiga kona ya mwisho kumwambia mwanamke nimerudi mzima, na kitu alichokuwa hakukitegemea kikampanda Emerensiana kutoka miguuni, wala hakikuwa hofu, hofu angeibeba, ilikuwa furaha, furaha ileile ya mke kijana wa miaka ishirini na nane aliyekaa siku nane akisikiliza mvua na kuhesabu madaraja yaliyosombwa, na furaha hiyo ikamwondoa pale alipo na ndoo yake, ikampitisha mlangoni pa chumba ambamo aliuona mdomo wa Kristiana ukifunguka, akamsikia Edith akilia, "Mama Flavian, si huko! Mama Flavian, rudi!", naye akitaka kumjibu kwamba ninakwenda kulia, mbona ninakwenda kulia, na aliamini hivyo, aliamini mpaka alipohisi upepo wa uani usoni na kuyaona mabati mbele yake na mikono yake ikiitua ndoo taratibu, kwa adabu, isimwagike hata tone.

Nyuma yake mlango wa bafu ukafungwa.

Alirudi mbio. Kristiana alikuwa amesimama, anafunga mkoba. Kitandani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limekunjwa mara nne, na godoro lilikuwa na shimo la mwili, dogo, kama la mtoto.

"Mama, nisaidie! Kuna dawa, lazima iwepo dawa!"

"Dawa ya nini?" Kristiana alisema bila kumtazama. "Humu sasa hamna mgeni."

Akaenda kuwahi basi.

Na kutoka bafuni akaja Rafaeli kwa miguu yake miwili, taulo begani, kovu kwenye paji la uso.

"Mama Flavian," likasema. "Chakula tayari?"

Mji ulifurahi, utafikiri kila nyumba imepata mtoto. Mzee Rafaeli amepona! Watu walijazana barazani, padri akaja, ikasemwa misa ya shukrani. Flavian alilia kwenye simu huko Mbeya aliposikia sauti ya baba yake imenyooka. Mama yake alipojaribu kumnong'oneza kitu, Flavian alisema, "Mama, pumzika, umemuuguza muda mrefu." Edith, aliyeona kwa macho yake, hakukanyaga uani kwao siku mbili, na siku ya tatu akapita uani akaamkia, "Habari za asubuhi, shemeji?" Likamjibu nzuri, likamuulizia na mguu wake. Kwa Edith habari ikaishia hapo. Ana wajukuu.

Madereva wazee wa barabara ile nao walikuja, wale watatu waliobaki, wakakaa nalo kutwa nzima wakikumbushana daraja fulani, tope fulani, nani aliangusha shehena wapi. Lilikumbuka yote. Lilikumbuka hata yale waliyoyasahau wao. Wazee wakaondoka wamefurahi, wakisema Rafaeli ni yuleyule.

Emerensiana peke yake ndiye aliyejua upungufu ulipo. Jioni ile ya kwanza alilisemesha Kifipa, kama alivyozungumza na mumewe siku zote wakiwa wawili. Lilitabasamu, likajibu kwa Kiswahili. Akajaribu tena. Likatabasamu tena, likainamia sahani. Hapo akaelewa. Lilikaa naye kwenye lori, na kwenye lori Rafaeli alizungumza na madereva wenzake na wachuuzi wa dagaa, Kiswahili cha barabarani. Maneno ya ndani ya nyumba hii, ya mlango ukishafungwa, halikuwahi kuyasikia. Kwa hiyo halikuchukua vyote vyake. Kuna sehemu ya Rafaeli ilibaki, na iko mdomoni mwa mkewe.

Tangu siku hiyo Emerensiana hakutamka neno la Kifipa. Sokoni akisalimiwa kwa Kifipa anaitikia kwa Kiswahili, wanamwita mwenye maringo. Mdogo wake alipotaka kuja kutembea kutoka kijijini alimkataza, wakagombana. Kusali anasali kimyakimya, midomo imefungwa. Analibandikia maji kila siku saa kumi, kwa kuwa mikono haimsikilizi, lakini ulimi ni wake.

Nalo halimgombezi. Linakaa kwenye kigoda jikoni, linamenya viazi, linamwambia kwa upole, "Mama Flavian, yale maneno uliyoniambia siku ile. Yaseme tena. Polepole." Yeye anakoroga sufuria.

Juzi mchana, jua kali, alijilaza mkekani uani na usingizi ukampitia. Alipoamka koo lilikuwa limekauka na mate yamekwisha, kama mtu aliyeongea kwa muda mrefu. Lilikuwa limekaa kando yake, limemwinamia, sikio karibu na mdomo wake. Halikushtuka. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, inarudia maneno ya Kifipa moja baada ya jingine, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza, na Emerensiana aliifuata midomo ile neno kwa neno asiweze kuizuia, mpaka ikafika kwenye jina ambalo Rafaeli alimwita wakiwa wawili tu.

Likalitamka. Likalitamka vizuri kabisa.

Naye, kabla hajajizuia, akaitika kwa Kifipa.