Ndimu na Chumvi kwenye Miguu ya Chipu

"Mguu wa kumi na nne?" aliuliza Ami Alawi.

Mwaija alisogeza uso karibu na kioo cha mita. "Volti kumi na mbili, Ami."

"Andika. Wa kwanza?" Ami Alawi alizibadilisha ncha za mita.

"Kumi na mbili, chini ya sifuri."

"Basi umeme unaingia. Sasa wa tatu, ule unaotoa ujumbe."

Sindano ya mita haikusogea. Mwaija aliandika sifuri, na kidole chake kikaacha doa la jasho kwenye daftari.

Ilikuwa Jumatatu alasiri, mwaka 1979, katika karakana ya kituo cha kuchunguza samaki, Dunda, mjini Bagamoyo. Mwaija alikuwa darasa la sita. Kila akitoka shule alipita hapo kumsaidia ami yake, mdogo wa baba yake, ambaye alijifunza ufundi peke yake kwa kufungua redio mbovu. Kituo kilikuwa na mashine ya kuchapa iliyopeleka hesabu za samaki, kwa waya wa simu, hadi kwenye kompyuta ya Dar es Salaam, kisha ikapokea majibu. Tangu asubuhi mashine hiyo haikutuma wala kupokea.

Mezani palikuwa na kadi yake, bado imeungwa na mashine kwa nyaya, kibao chembamba chenye chipu mbili nyeusi, kila moja na miguu kumi na minne.

"Ndani ya mashine ujumbe husafiri kwa umeme mdogo, volti tano tu," Ami Alawi alimwambia siku za nyuma. "Ukiutia hivyo kwenye waya mrefu, unafifia njiani. Chipu hii ya kutuma inautia nguvu. Ile ya kupokea inauchukua ule wenye nguvu unaotoka nje na kuupunguza, ili mashine isiungue."

Sasa aliinamisha taa. "Tazama miguu. Imeota kutu ya kijani. Kuna majimaji yamegusa hapa."

Mwaija alitazama, akakumbuka. Alhamisi iliyopita Ami Alawi alimpa kadi ile aipanguse vumbi kwa brashi kavu. Miguu ya chipu ilikuwa imefifia kwa hewa ya bahari. Nyumbani, kila inapokaribia sikukuu, Mwaija ndiye aliyesugua sinia za shaba za bibi yake kwa ndimu na chumvi hadi zikang'aa. Akafanya vivyo hivyo. Akapangusa kwa kitambaa. Ami Alawi alipoiona kadi alisema, "Mashaallah, umeing'arisha," akairudisha ndani ya mashine. Maneno hayo Mwaija alitembea nayo siku nzima.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Mikidadi, mkuu wa kituo, na nyuma yake Mzee Pazi, mfagiaji, ameshika ufagio.

"Shikamoo, Bwana Mikidadi. Shikamoo, Mzee Pazi," alisema Mwaija.

"Marahaba," alijibu Mzee Pazi peke yake.

"Ni majimaji, Alawi?" aliuliza Bwana Mikidadi, aliyekuwa amesikia akiwa nje. "Nilijua! Chumba cha mashine anaingia nani na kikombe cha chai kila asubuhi?"

"Bwana mkubwa, kikombe nakipitisha tu. Chai nainywea barazani," alisema Mzee Pazi.

"Sijui bado ni majimaji gani," alisema Ami Alawi polepole. "Tungoje nimalize kupima."

"Dar es Salaam hawangoji. Pazi, weka ufagio. Kuanzia leo huna kazi hapa."

Mzee Pazi aliusimamisha ufagio kwenye kona kwa uangalifu, kana kwamba angeuhitaji kesho, akatoka. Mwaija alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamia daftari.

Ashatu, binti wa Mzee Pazi, alikaa dawati moja na Mwaija. Kesho yake darasani, kabla mwalimu hajaingia, Abdala alipiga meza.

"Ashatu! Baba yako kainywesha mashine chai. Aliipa na maandazi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwaija naye alicheka kidogo, ili asionekane kuwa yeye peke yake hacheki. Ashatu aligeuka akamtazama.

"Chai gani?" alisema Ashatu. "Kwetu sukari tuliiona mara ya mwisho Ramadhani. Baba hamwagi hata tone." Kisha akafunga daftari lake, na siku nzima hakulifungua tena.

Jumatano nafasi yake ilikuwa tupu. Dija, jirani yao, alisema Ashatu na mama yake wamepanda basi la asubuhi kwenda Vigwaza kwa bibi yake, kulima.

Mwaija alikwenda karakana mbio. Ami Alawi alikuwa ameng'oa chipu zote mbili.

"Ami, ni mimi. Nilisugua kwa ndimu na chumvi, kama sinia za bibi."

Ami Alawi aliweka koleo chini. Akaigeuza chipu moja kiganjani.

"Sinia unaisuuza kwa maji mengi," alisema. "Hapa chumvi ilibaki katikati ya miguu, ikavuta unyevu, umeme ukavuka pasipotakiwa. Chipu zikaungua. Ulijua lini?"

"Juzi. Ulipoonyesha kutu."

"Na Mzee Pazi akiwa amesimama pale."

"Ndiyo, Ami." Mwaija alianza kulia.

"Futa machozi. Twende. Utasema mwenyewe, nami nitasema langu. Niliona inang'aa, nikakusifu bila kuuliza umetumia nini."

Ofisini kwake, Bwana Mikidadi aliwasikiliza bila kuinua macho, kisha akaandika barua ya kumrudisha Mzee Pazi kazini. Waliipeleka wenyewe. Walimkuta barazani kwake akifunga godoro kwa kamba. Mwaija alieleza yote. Mzee Pazi aliisoma barua mara mbili.

"Kazini nitarudi, sina budi," alisema. "Ama Ashatu, sijui. Kaapa darasa lile hakanyagi tena. Anasema hata wewe ulicheka."

Mzee Pazi hakuwakaribisha ndani.

Njiani Ami Alawi alisema, "Kosa la ndimu lilikuwa la kutojua. Chipu nitazipata kwenye kadi kuukuu, nitazichomelea. Lakini uliponyamaza, mtu mwingine alibeba kosa lako, na mwanawe pia. Hilo sina chombo cha kulitengeneza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla halijamfika mtu mwingine."

"Kesho nitasema darasani, Ami. Mbele ya Abdala na wote. Halafu nitamwandikia Ashatu."

"Sema. Usitegemee kwamba atarudi kwa sababu umesema."

Walirudi karakana. Ami Alawi alichomelea chipu ya kutuma, mguu baada ya mguu, Mwaija akimulika taa na kuhesabu. Ilipofika adhana ya magharibi, aliichomoa pasi ya kuchomelea.

"Ya kupokea itakuwa kesho," alisema. "Mkono umechoka, na kazi hii haitaki haraka."

Mwaija alifungua daftari. Aliandika: *Kutuma, miguu kumi na minne, tayari. Kupokea, bado.* Kisha akafunika kadi kwa kitambaa kikavu.