Babu Sirili na Spika ya Nyuma

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, Hellen alikuwa na kazi moja: kumketisha bibi yake katikati ya sebule na kumwekea diski. Mama yake, Veronika, alibaki kanisani Kilema kwa mazoezi ya kwaya, na baba alikuwa na ng'ombe wake. Nyumba ikawa ya wawili hao.

Bibi Dominika alikuwa haoni. Macho yalikwisha kwa ugonjwa, lakini masikio yake, lo! Yangemsikia kuku akidonoa mahindi kwenye kihamba, shamba la migomba, cha jirani. Diski hiyo alitengenezewa na Fabian, baba mdogo wa Hellen, mpiga video wa harusi kule Moshi mjini. Ilikuwa video ya Blu-ray ya Krismasi ya mwisho ya Babu Sirili, marehemu mumewe. Siku ile Fabian alitega vinasa sauti pande zote za uwanja. Kisha alifunga sebuleni spika tano na moja ya besi.

"Kila spika ina sauti yake," aliwaeleza. "Aliyekuwa nyuma ya kamera utamsikia nyuma yako."

Hellen alikuwa na nyama mdomoni, na maelezo hayo yakampita.

Babu hakupenda kupigwa picha. Alijificha nyuma ya kamera, upande wa kushoto, akichoma mbuzi, hivyo katika diski nzima haonekani hata kidole. Ila dakika ya kumi, kutoka spika ya nyuma kushoto, anaita: "Dominika! Chumvi umeificha wapi?" Kila Jumapili Bibi aliangua kicheko, akageuza shingo na kujibu: "Iko juu ya kabati, Sirili! Huna macho?" Wiki nzima aliingoja dakika hiyo.

Jumamosi moja rafiki yake Hellen, Kindness, alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Hellen, mpenda sifa kupita kiasi, alikuwa ameahidi kuleta spika. Akaichomoa ile ya nyuma kushoto, akaitia kikapuni na kuifunika majani ya mgomba. Ziko sita, zote zinasema yaleyale, alijiambia. Moja ikipungua nani atajua?

Kwa kina Kindness wakaiunga kwenye amplifaya kubwa na kuongeza sauti hadi mwisho. Spika ikakoroma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Hellen akairudisha mahali pake, akaunga nyaya kama zilivyokuwa, akalala.

Jumapili, dakika ya kumi ikaja na kupita. Bibi alikuwa tayari na tabasamu lake.

"Hellen, babu yako leo haongei?"

Ukweli ungemgharimu makaripio, labda na fimbo mbili. Hellen akaitazama spika, akamtazama Bibi.

"Ameongea, Bibi. Ameulizia chumvi kama kawaida. Hujasikia?"

"Sijasikia. Mbuzi nawasikia, watoto nawasikia. Kwa nini yeye nisimsikie?"

"Sauti nzito ndizo hupotea kwanza mtu akizeeka. Mwalimu alitufundisha."

Mwalimu hakuwahi kufundisha kitu kama hicho. Hellen alikisema kwa sauti tamu, ya huruma, na hapo ndipo ubaya wake ulipozidi. Bibi akalishika sikio lake la kushoto.

Jumapili ya pili Hellen alifanya vibaya zaidi. Dakika ya kumi ilipofika alicheka kidogo, kama mtu aliyemsikia babu. Bibi hakuuliza. Siku hiyo hakuugusa mtori wake wa ndizi na nyama.

Katikati ya wiki, Bibi akiwa peke yake jikoni, alipasha mafuta ili azibue sikio, kama walivyofanya wazee enzi za utoto wake. Hakuuona moshi wa mafuta yaliyochemka kupita kiasi, akayamimina sikioni. Yowe lake lilimtoa Veronika kihambani mbio.

Hospitalini daktari alimpima, kisha akamgeukia Veronika kwa hasira. "Sikioni hakuingizwi mafuta, wala kitu kingine chochote! Ngoma ya sikio la kushoto imeungua, halitasikia tena kama zamani. La kulia ni zima kuliko umri wake. Nani alimwambia huyu mama kuwa hasikii?"

Hellen alikuwa amesimama pale pale, ameshika mkoba wa Bibi.

Jumamosi Fabian akapanda kutoka mjini. Aliiweka diski, akasikiliza, akaifungua spika ya nyuma. Ndani ilikuwa nyeusi kwa kuungua.

"Hellen?"

Hellen alitazama mlango kwanza. Kisha akasema yote: kikapu, sherehe, mwalimu aliyemsingizia, na kile kicheko. Veronika akainua mkono ampige.

"Mwache," Bibi alisema. "Aibu hii imemtosha."

Jumapili iliyofuata Fabian alileta spika nyingine. Bibi aliketi na bandeji yake, familia nzima ikamzunguka. Sauti ya babu ilipita upande ule ule wa sikio lililoungua, hafifu mno kwake katikati ya makelele ya Krismasi.

"Ameshaita?" Bibi aliuliza.

"Ameita, Bibi. Kweli ameita!"

"Nitajuaje? Wiki mbili uliniambia ameita."

Hellen akalia kwa sauti, na hakuna aliyembembeleza. Ndipo Fabian alipokigeuza kiti kikatazama nyuma, sikio zima likaelekea kwenye spika. Akairudisha diski nyuma hadi dakika ile.

"Dominika! Chumvi umeificha wapi?"

"Iko juu ya kabati, Sirili," Bibi alijibu. Hakucheka.

Kisha akampapasa Hellen begani. "Sikiliza. Spika imeungua, Fabian ameleta nyingine. Ungesema siku ile ile, ningekukaripia mpaka jioni na yangeisha. Lakini wewe ulichagua mimi nijione ndimi mbovu. Sikio langu haliuzwi dukani, mjukuu wangu. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila usiniambie tena nimesikia nini. Haya, irudishe diski nyuma, nimsikie mwenyewe."

Hellen akafuta machozi, akabonyeza kitufe.