Mume Wangu Alinitafsiria

Nina miaka arobaini na moja, sina mume, na ninauza mchele sokoni Kilosa. Zamani nilikuwa karani wa mahudhurio, tena karani wa kuheshimika! Leo nawasimulia jinsi nilivyoangushwa na mtu niliyekuwa nikimpakulia chakula kila siku.

Nilifanya kazi katika hoteli moja ya kando ya barabara kuu pale Mikumi. Malori na mabasi yalipita usiku kucha, hivyo wapishi, wahudumu na walinzi walikesha. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa zao na kukokotoa posho ya usiku kwa mkono. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kisha hoteli ikabinafsishwa. Mwekezaji alitoka nchi za nje na hakujua Kiswahili. Alileta kompyuta. Mume wangu, Hamisi, hakuwa na kazi, nami nikauza cherehani yangu ili akasome kompyuta na Kiingereza Morogoro. Aliporudi, nikambembelezea nafasi ofisini. Nilijiona mjanja... Kumbe nilikuwa nanunua kamba ya kunifunga mwenyewe!

Tukapewa kazi ya kuhamishia madaftari yangu kwenye jedwali la kompyuta. Nilimkumbusha Hamisi kwamba mimi huandika saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo azigeuze kwanza. Aliyeingia saa moja jioni na kutoka saa kumi na moja alfajiri, mimi niliandika moja na kumi na moja, basi. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane. Ukiiandikia hivyo inadhani mtu ameingia saa saba usiku na kutoka saa tano asubuhi, jua limeshawaka! Hamisi akacheka, akaniambia yeye si mtoto.

Siku zile uvumi ulikuwa umeenea kwamba ofisi itabakiza karani mmoja tu. Mimi sikuogopa. Ningemwogopaje mume wangu?

Asubuhi moja niliitwa ofisini. Mwekezaji alinionyesha jedwali kwenye kompyuta. Saa zangu zilikuwa zimeingizwa vilevile, bila kugeuzwa. Ilionekana kwamba nusu ya saa nilizozilipia posho ya usiku zilikuwa za mchana, mwezi baada ya mwezi. Yaani mimi ni mwizi, nagawana posho na walinzi!

Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Nikamgeukia Hamisi anitafsirie. Nikaeleza kila kitu, jinsi sisi tunavyohesabu usiku tangu jua linapozama, hadi jasho likanitoka. Hamisi akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akasema maneno machache mno. Nilishangaa maelezo yangu marefu yamekuwaje mafupi vile... lakini alikuwa mume wangu.

Mwekezaji akaninyooshea mlango. Nje nikamshika Hamisi mkono, nikamuuliza amemwambia nini.

Akajibu bila hata kuniangalia, "Nimemwambia unaomba msamaha."

Wasomaji wenzangu, mngefanya nini? Mimi nilikaa chini kwenye kokoto, nikalia kama mtoto.

Hamisi akapewa kiti changu. Waliokesha wakaanza kukatwa mishahara ili kufidia ule unaoitwa wizi, nao wakanilaani mimi. Mpishi mmoja, mama mtu mzima, nilimwamkia shikamoo akapita bila kuitikia. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya wafanyakazi, na mfanyakazi sasa alikuwa yeye. Akaniandikia talaka, akaniwekea vyombo vyangu nje. Kabla hata eda yangu haijaisha, akamwingiza mhudumu wa mapokezi. Kweli, fadhili mbuzi utakunywa mchuzi!

Nikakimbilia kwa mama, Kilosa. Nako Hamisi alikuwa amenitangulia! Alimweleza mama kwamba niliiba, na kwamba ni yeye aliyenikinga nisifungwe. Mama akamshukuru. Nilimweleza mara ngapi ukweli? Alinijibu jambo moja tu: "Mwanangu, tubu." Alikuwa akimwombea Hamisi dua kila baada ya swala, mimi nikiwa nimelala chumba cha pili nasikia.

Ndugu zangu, nawasihi. Ukiitwa kujitetea, jitetee mwenyewe, hata kwa lugha ya kuvunjikavunjika, hata kwa vidole na machozi. Usimpe mtu mwingine ulimi wako, hata kama mnalala kitanda kimoja. Mimi niliutoa wangu kwa dakika chache tu, na mama yangu akazikwa akiamini amezaa mwizi.